Kumpokea Mtoto Kabla Hajazaliwa: Wanandoa na Kipimo cha Kwanza cha Ultrasaundi

Katika semina za familia kuna swali ambalo wanandoa vijana hutuuliza mara kwa mara: je, ni halali kwa Mkristo kumpima mtoto aliye bado tumboni? Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke, na swali hilo tulikuwa nalo wenyewe tulipomtarajia mtoto wetu wa kwanza. Tunapenda kueleza kipimo cha ultrasaundi ni nini, Mama Kanisa anafundisha nini juu yake, na jinsi ya kukiendea kwa moyo wa imani.

Kwetu sisi ilikuwa juma la 12 la ujauzito. Mmoja wetu alilala kitandani. Mwingine alisimama pembeni ameshika kadi ya kliniki, asijue afanye nini. Mtaalamu alipaka ute wa baridi tumboni, akaanza kutembeza kifaa kidogo. Kwa muda hatukuona kitu ila vivuli vyeusi na vya kijivu. Kisha akaonesha kwa kidole: "Huyu hapa. Na huu ndio moyo wake." Kilikuwa kitone kinachopigapiga upesi mno. Mama alikuwa amekwisha kuishi na mtoto huyo kwa kichefuchefu na uchovu, lakini baba alimjua kwa kuambiwa tu. Siku ile naye alikutana na mwanawe. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: nendeni wote wawili.

Kipimo hiki hufanyaje kazi? Ultrasaundi haitumii mionzi kama picha ya eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti iliyo juu kupita uwezo wa sikio la mwanadamu. Mawimbi hayo hugonga viungo vya mwili na kurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Ule ute hupakwa ili kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa. Maarifa hayo yalikuwa yakitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma, kabla ya daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, kuyaingiza katika huduma ya wanawake na kutangaza matokeo yao mwaka 1958. Donald mwenyewe alikuwa Mkristo aliyepinga utoaji mimba waziwazi.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2016, linapendekeza mama mjamzito afanyiwe kipimo hiki angalau mara moja kabla ya juma la 24. Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho husaidiwa kujua umri wa mimba, kwa kuwa mtoto hupimwa urefu wake: katika juma la 12 huwa na sentimita 5 au 6 hivi kutoka utosini hadi matakoni. Kipimo huonesha kama ni mapacha, au kama mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, hatari inayoweza kuua. Baadaye huonesha kama kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Mama wa namna hiyo, hasa akiishi mbali na hospitali, anapaswa kupanga mapema kujifungulia mahali penye huduma ya upasuaji.

Je, Kanisa linasemaje? Hati ya "Donum Vitae", iliyotolewa mwaka 1987 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, inafundisha kwamba uchunguzi wa mtoto kabla ya kuzaliwa ni halali iwapo unaheshimu uhai na ukamilifu wake, na unalenga kumlinda au kumponya. Uchunguzi huohuo unapingana vikali na sheria ya maadili unapofanywa kwa nia ya kumtoa mtoto endapo atakutwa na kasoro. Mafundisho hayo yamo pia katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2274. Mashine ni ileile. Tofauti imo katika swali ambalo wazazi wanaingia nalo chumbani. Wengine humwuliza mtoto, "Tukusaidieje?" Wengine humwuliza, "Je, unastahili kuzaliwa?" Mkristo ana ruhusa ya kuuliza swali la kwanza tu.

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Elisabeti alimtambua Mwana wa Mungu tumboni mwa Maria bila kumwona, na Yohane akaruka kwa furaha tumboni mwa mamaye. Picha haimfanyi mtoto kuwa mtoto; yeye ni zawadi ya Mungu hata kabla hajaonekana. Vivyo hivyo, jinsia yake haiongezi wala haipunguzi thamani yake. Inasikitisha kuona mama akitoka kupimwa huku ukoo mzima ukingoja kusikia ni wa kiume au wa kike, na uso wa baba ukibadilika kwa jibu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mgeni wa jinsia gani.

Hata hivyo, si kila kipimo huleta furaha. Katika mimba yetu ya pili, mtaalamu alitazama kwa muda mrefu, kisha akatoka kumwita daktari. Moyo haukuwa ukidunda. Wengi walitufariji kwa kusema tutapata mwingine, nasi tunajua walikuwa na nia njema. Lakini aliyetusaidia kweli ni mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, aliyekuja, akaketi, akasema, "Poleni kwa kumpoteza mtoto wenu." Aliita jambo kwa jina lake. Kwa watoto waliofariki bila Ubatizo, Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na Askofu wa mahali anaweza kuruhusu mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Msione haya kuzungumza na paroko wenu.

Wazazi wanaoambiwa kwamba mtoto wao ana ulemavu au ugonjwa nao wasiachwe peke yao. Waombe maelezo kamili na, inapowezekana, uchunguzi wa daktari mwingine, kwa kuwa picha huweza kusomwa vibaya. Na sisi wanaparokia tuwe tayari kuwasaidia kwa matendo: nauli ya hospitali, chakula, muda wa kukaa na watoto wengine. Kutetea uhai kwa maneno huku tukiiacha familia ibebe mzigo peke yake ni ushuhuda nusu.

Basi, enyi mnaotarajia mtoto, salini pamoja kabla ya kwenda, ulizeni maswali bila woga, na mkirudi mwombeni padre baraka ya mama mjamzito, ambayo imo katika Kitabu cha Baraka. Bikira Maria, aliyembeba Mwana wa Mungu tumboni mwake, awaombee ninyi na mtoto wenu.