Asilimia 88 ya oksijeni si alama ya mtihani

Majuzi nilimpeleka shangazi yangu katika kituo kimoja cha afya baada ya kukohoa na kuhema kwa siku tatu. Muuguzi alimbana kidole kwa kidude chenye taa nyekundu, akakitazama, akasema, "Mama, oksijeni yako iko themanini na nane." Shangazi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akanigeukia kwa furaha. "Themanini na nane? Si hiyo ni A! Haya, twende nyumbani." Akaanza kutafuta mkoba wake.

Sikumlaumu. Sentensi aliyopewa ilikuwa na pengo. Kila asilimia hudai 'ya' na nomino baada yake: asilimia 88 ya nini? Mgonjwa asipoambiwa, hujaza pengo hilo kwa anayoyajua, na mwalimu anajua mitihani.

Tuanze na jina la kidude chenyewe. Wapo wanaokiita 'kipima hewa', ilhali kipimahewa ni barometa. Tena oksijeni ni takriban asilimia 21 tu ya hewa. Kwa ruwaza ya kipimajoto, mimi nakiita kipimaoksijeni, ingawa oksimita pia inafaa.

Je, kinapimaje bila kutoa hata tone la damu? Oksijeni hubebwa na himoglobini, protini iliyomo ndani ya seli nyekundu. Kifaa hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili: mwekundu, na infraredi ambao hatuuoni. Himoglobini isiyo na oksijeni hufyonza zaidi ule mwekundu. Yenye oksijeni hufyonza zaidi infraredi. Upande wa pili wa kidole, kihisi hupima mwanga uliopenya. Lakini kidole kina ngozi, nyama na mfupa pia. Mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, alipata ufumbuzi mwanzoni mwa miaka ya 1970: mfupa haudundi, damu ya ateri hudunda. Kifaa kikizingatia tu mabadiliko yanayofuata mpigo wa moyo, hubaki na damu ya ateri.

Sasa turudi kwa ile 88. Chukulia himoglobini kuwa matatu na oksijeni kuwa abiria. Katika kila viti 100, 88 vina abiria na 12 ni vitupu. Kwa mtu mwenye afya, aghalabu viti 95 au zaidi huwa vimejaa. Chini ya 90 ni hatari, na mgonjwa anahitaji kushughulikiwa haraka.

Mfano huohuo unatuonyesha yasiyosemwa na tarakimu. Mwenye upungufu wa damu anaweza kupata 98: matatu ni chache, ila zote zimejaa. Aliyelala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa naye anaweza kupata tarakimu nzuri huku viti vimekaliwa na kaboni monoksidi, kwa kuwa kifaa cha kawaida hakitofautishi abiria hao. Kidole baridi au kucha zilizopakwa rangi pia hutatiza kipimo.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka wa 2020, watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba kifaa hiki kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kwa hivyo mgonjwa akihema, asikilizwe hata kama tarakimu inapendeza. Daktari akiwa na shaka, huchota damu kwenye ateri, aghalabu ya kifundo cha mkono, ikapimwe.

Nilimshika shangazi mkono. "Shangazi, hapa alama ya kupita ni tisini na tano." Akauweka mkoba chini. Alilazwa kwa homa ya mapafu, akawekewa oksijeni, na sasa yuko nyumbani akisahihisha Kiswahili changu.

Ombi langu kwa wauguzi ni sentensi mbili kamili: "Mama, oksijeni katika damu yako ni asilimia 88. Inafaa iwe 95 au zaidi, kwa hivyo utabaki hapa tukutibu." Haimalizi hata sekunde kumi. Shangazi alikuwa amebakisha hatua chache tu kufika mlangoni.