Pikipiki ya Stoo: Mnaiuza au Mnaifufua?

Kasulu na Kibondo hadithi hii ni ya kawaida. Mmoja kahamishwa kikazi au kaenda chuo, pikipiki ikasukumwa stoo, ikafunikwa turubai, na juu yake yakapangwa magunia ya maharage. Miaka miwili baadaye mwenye nayo karudi, na ugomvi unaanza. Mama anasema iuzwe, hela ikamalizie nyumba. Baba anasema, "Mpige kiki tu uone, itawaka!"

Mpenzi msomaji, kabla hamjanuniana, jueni kwamba kuwaka ni jambo moja na kuwa salama ni jambo lingine.

Kwanza, msikimbilie kiki. Ndani ya silinda huenda kuna kutu, na ukilazimisha unakwaruza ringi. Fundi atoe plagi, adondoshee oili kidogo, aiache ilale, kisha azungushe injini taratibu kwa mkono. Afungue pia chujio la hewa na achungulie ekzosi. Panya na manyigu wanapenda sana nyumba za bure!

Pili, mwageni petroli yote ya zamani. Ikikaa miezi mingi inachacha na kuacha utando kama gundi, unaoziba vitundu vya kabureta. Ndiyo maana pikipiki inawaka, inakohoa, inazima. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa, na tangi likaguliwe kutu. Oili nayo ibadilishwe hata kama inaonekana safi, maana imeshavuta unyevu. Betri ikigoma kushika chaji, nunueni nyingine.

Sasa tuje kwenye roho zenu. Huku kwetu ni milima. Mnashuka na mzigo, mtoto katikati, na mvua za kuanzia Oktoba hadi Mei zinageuza njia za vijijini kuwa utelezi. Hapo hakuna anayeuliza injini inavuma vipi. Swali ni breki. Vipande vya breki vikaguliwe, na kama ni ya diski, maji ya breki yabadilishwe yote. Waya wa klachi na wa mafuta usogee bila kukwama. Cheni ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe oili.

Tairi je? Msidanganywe na vidato virefu. Angalieni ubavuni: ikiwa na nyufa, haifai. Namba nne za mwisho wa alama ya DOT zinataja wiki na mwaka ilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Halafu karatasi. Ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa mwaka 2017, lakini bima bado ni lazima, na dereva awe na leseni yenye daraja la pikipiki. Kadi ikiwa bado na jina la aliyewauzia, nendeni TRA mkabadilishe umiliki.

Na mkwanja? Hapa ndipo mapenzi yanapopimwa. Mwambieni fundi aandike orodha kabla hajagusa spana, kisha muigawe mafungu matatu: vya usalama, vya kuwasha, na vya urembo. La kwanza halina mjadala. La tatu lisubiri, hata kama rangi mpya ingependeza. Jumla ikikaribia bei ya pikipiki nyingine nzima, uzeni tu bila kinyongo, na mnunuzi mumweleze ukweli wote.

Mkiamua kuifufua, siku ya kwanza dereva aende peke yake, mwendo mdogo, kwenye njia tambarare, kofia ngumu kichwani. Afunge breki mara kadhaa, arudi, mtazame kama kuna oili inayovuja au nati iliyolegea. Abiria apande baadaye, naye awe na kofia yake. Mwenzako akikataa kupanda kwa sababu breki hazijaguswa, usimwite mwoga. Huyo anataka mzeeke wote.