Mahindi mpakani: tuonyesheni vipimo

Mwezi Machi 2021 nilikuwa Namanga, upande wa Tanzania, nikihesabu malori ya mahindi yaliyokuwa hayaendi popote. Madereva walikuwa wamejilaza chini ya matrela kukwepa jua. Matingo walichemsha chai kando ya barabara. Juu ya kila lori turubai lilikuwa limekazwa kwa kamba, na chini yake mahindi yalizidi kupata joto, siku ya pili, ya tatu, ya nne.

Tarehe 5 mwezi huo, siku ya Ijumaa, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilikuwa imemwandikia kamishna wa forodha barua fupi. Barua hiyo ilieleza kwamba uchunguzi wa usalama wa vyakula vinavyoingia nchini umeonyesha mahindi ya Uganda na Tanzania yana sumu ya kuvu iliyopita kiwango kinachokubalika, hivyo yasiruhusiwe kuingia. Amri ilianza siku hiyohiyo. Kwa karatasi moja, wafanyabiashara wa nchi mbili wakajikuta wamefungiwa soko lao kubwa la jirani.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa chuoni. Niliwauliza wenye mizigo wanapoteza kiasi gani kwa siku, nikawauliza mawakala wa forodha wameambiwa nini, kisha nikatuma habari yenye maneno "mvutano wa kibiashara" katika aya ya kwanza. Mhariri aliipenda. Nikiisoma leo naona swali ambalo sikumuuliza mtu yeyote, mkubwa wala mdogo: mahindi hayo yalipopimwa yalikutwa na sumu kiasi gani?

Barua yenyewe haikusema. Haikutaja sampuli ngapi zilichukuliwa, zilitoka mikoa ipi, zilichukuliwa lini, wala ngapi kati yake zilifaulu. Ilisema tu kwamba matokeo yapo. Nasi waandishi, badala ya kuyaomba matokeo, tukakimbilia kuwauliza wanasiasa wameumia kiasi gani.

Niseme mapema kwamba Kenya haikuzua sumu. Watanzania huiita sumukuvu, neno zuri linalojieleza lenyewe, na Kenya wengi huiita aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, hasa mahindi na karanga zinapopatwa na ukame shambani, zikavunwa na unyevu, au zikarundikwa ghalani kabla hazijakauka. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva vizuri, sumu inabaki. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini huongezeka takriban mara 30.

Wakenya wana sababu ya kuiogopa. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Kabla ya hapo, mwaka 1981, Machakos ilipoteza watu 12. Mahindi yaliyowaua wengi mwaka 2004 hayakuvuka mpaka wowote. Yalikuwa yamelimwa palepale, yakavunwa na unyevu, yakahifadhiwa ndani ya nyumba.

Ndiyo maana jibu lililosikika sana upande wetu wakati ule lilinikera, ingawa sikuthubutu kuliandika: "Mbona sisi tunayala kila siku na hatufi?" Nililisikia kwa madereva, nikalisikia kwa watu wenye digrii, nikalisoma katika makundi ya wasapu ya wenzangu niliosoma nao. Lakini tumekufa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hao ni waliokula dozi kubwa kwa muda mfupi wakaonekana hospitali. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka 20 kisha akafa kwa saratani ya ini haandikwi popote kwamba ameuawa na mahindi.

Basi Kenya ilikuwa na haki ya kuuliza kuhusu mahindi yetu. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kutangaza hukumu bila kuonyesha ushahidi, na ukubwa wa kosa hilo unaonekana ukijua namna sumu hii inavyopimwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni, yaani mikrogramu 10 katika kilo moja. Tulifanye lionekane: ni gramu moja ya sumu katika tani 100 za mahindi. Lori la tani 30 likiwa na theluthi moja tu ya gramu, limefika ukingoni. Ulaya ni wakali kuliko sisi, kwani nafaka ya kuliwa moja kwa moja kwao haitakiwi kuzidi sehemu 4. Marekani wanaruhusu hadi 20 kwa chakula cha binadamu. Kwa hiyo lori hilohilo, mahindi yaleyale, linaweza kuwa salama katika nchi moja na haramu katika nyingine, na hakuna aliyedanganya. Kiwango ni uamuzi wa watu waliokaa mezani wakapima hatari, wakapima njaa, wakapima na uwezo wa maabara zao. Sayansi huwapa vipimo, lakini mstari wanauchora wao.

Na hilo ni jepesi. Gumu ni kwamba sumu haikai sawasawa ndani ya gunia kama chumvi ndani ya supu. Hukaa mafungu mafungu. Punje nyingi mno huwa safi kabisa, halafu punje moja hubeba sumu ya kutosha kuharibu kilo kadhaa. Mkaguzi akichoma bambo lake kwenye gunia la juu peke yake, anaweza kupata sifuri. Akichoma mkono mmoja pembeni, anaweza kupata 60. Wote wawili, mwenye mahindi na mkaguzi, watakuwa na karatasi ya maabara, yenye mhuri, na kila mmoja ataapa kwamba sayansi iko upande wake. Njia ya kupunguza utata ni kuchukua mahindi kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, kati na chini, kuyachanganya, kuyasaga yote pamoja, ndipo unga unaokwenda maabara uchotwe humo. Ni kazi ya saa nyingi kwa lori moja.

Kwa hiyo, ofisi ikisema "tumepima, yana sumu", swali la pili lazima liwe "mlichotaje?" Si dharau kwa wataalamu. Mtaalamu wa kweli hulipenda swali hilo, maana ndilo wenzake humuuliza kila siku.

Lipo na swali la tatu, ambalo jirani ana haki nalo: ya kwenu je? Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lenyewe lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi uliosagwa nchini humo kwa sababu ya sumukuvu. Lilifanya vyema, na lilizitaja hadharani. Miezi 16 baadaye mahindi ya jirani yakazuiwa kwa jumla, nchi nzima nzima, bila kutofautisha shehena yenye sumu na isiyo nayo, wala mfanyabiashara aliyekausha mahindi yake kwenye turubai na yule aliyeyaanika juu ya udongo. Ukungu hautambui bendera. Hali ya hewa ya Kiteto na ya Kitui zinafanana kuliko ya Kiteto na ya Bukoba.

Serikali zinapozungumza hivi, wananchi nao hufikiri hivyohivyo. Walioko Nairobi waliamini mahindi ya Tanzania ni sumu. Walioko Arusha waliamini Kenya ina wivu. Sumukuvu yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa kwenye maghala ya pande zote mbili, ikasahaulika. Hakuna aliyetoka katika mjadala ule akiwa anajua namna ya kukausha mahindi.

Tulikuwa tumeshaliona jambo hili mwaka mmoja kabla. Mei 2020 madereva wa Tanzania walipimwa korona mpakani na Kenya wakaambiwa wanayo, wakarudi kupimwa kwao wakaambiwa hawana. Maabara mbili, majibu mawili, foleni moja. Kilichopunguza ugomvi hakikuwa hotuba. Nchi za Jumuiya zilianzisha mfumo wa kielektroniki ambamo cheti cha dereva kilichotolewa nchi moja kingeweza kuonekana na kukubaliwa nchi nyingine. Watu walikubaliana kwanza jinsi ya kuaminiana, ndipo majibu yakawa na maana.

Zuio la mahindi nalo halikudumu. Katika muda usiotimia wiki moja wizara ya kilimo ya Kenya ililegeza na kuweka masharti: muagizaji asajiliwe, kila shehena iwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10, na ijulikane yalikotoka. Mwezi Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka mawaziri wamalize kero za mpakani ndani ya wiki mbili. Tulishangilia, nami nilikuwamo. Lakini tazama kilichotatua: amri ya mkubwa. Kama amri inatosha kuyafanya mahindi yapite, raia wa kawaida atakosaje kuamini kwamba ni amri pia iliyoyazuia, wala si kipimo? Masharti yale ya Machi yalikuwa bora kuliko zuio na bora kuliko amri, kwa kuwa yaliyahukumu magunia, hayakuyahukumu mataifa. Yangeandikwa kwanza, malori yasingelala Namanga.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya mpaka wa Nimule. Sudan Kusini ilikamata malori ya mahindi na unga kutoka Uganda, sababu ikiwa ileile, na malalamiko ya Kampala yakawa yaleyale. Ingawa Jumuiya ina sheria ya viwango, ubora na upimaji tangu mwaka 2006, na kiwango kimoja cha mahindi kimekubaliwa, bado tunapimana kama wageni.

Nina rafiki mchumi anayeniambia kwamba kutangaza vipimo kutaleta hofu, watu wataacha kula ugali. Simkubalii. Mama yangu amechambua mahindi kwenye ungo maisha yake yote. Punje nzuri huenda kwenye debe, zilizooza huwapa kuku, na jirani yetu mpika pombe alikuwa akija kuomba zilizobaki. Nilipomweleza kwamba sumu ile hurudi kupitia mayai, na kwa ng'ombe hupitia maziwa, hakuingiwa na hofu wala hakuacha kula ugali. Aliuliza sasa azifanyeje. Nikamwambia azifukie. Msimu uliofuata aliniagiza turubai la kuanikia, akasema udongo hauwezi kukausha kitu. Mtu aliyepewa sababu hutafuta njia. Aliyepewa amri hutafuta upenyo, na mipaka yetu ina njia za panya nyingi ambazo hakuna bambo linalofika.

Na njia za kupunguza sumu zipo. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ipo pia Aflasafe, kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani ili ishindane na ile yenye sumu, na imesajiliwa Kenya na Tanzania. Tanzania ilianzisha mradi wake wa TANIPAC, uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Haya yote yanahitaji mkulima ajue wilaya yake ina tatizo kiasi gani, na hatajua ikiwa takwimu zinakaa kwenye makabati ya wizara zikisubiri siku ya kugombana na jirani.

Siombi serikali zimuachie kila mtu kazi ya maabara. Naomba kila zuio la chakula mpakani lije na ukurasa mmoja: sampuli ngapi, za wapi, za lini, zilichotwaje, zimepatikana na kiasi gani, na mahindi ya ndani yaliyopimwa kipindi hichohicho yalikuwaje. Wataalamu wa upande wa pili wapewe nusu ya sampuli wapime wenyewe. Hilo halihitaji mkataba mpya.

Tangu Namanga nimekuwa nikibeba maswali hayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu. Ofisa mmoja wa mpakani, niliyemuuliza mwaka juzi, alinitazama kwa muda kisha akasema matokeo ni ya matumizi ya ofisi. Nimeandika jibu lake chini ya swali, na tarehe.