Fahamu: Kuona folda zako kama mti

Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009. Sasa umefungwa, na eneo lake linageuzwa kuwa la viwanda. Mgodi ukifungwa, kumbukumbu hubaki: vipimo vya maji, ramani, folda ndani ya folda. Kwenye kompyuta ya Ubuntu, programu ya tree, iliyoandikwa na Steve Baker, huzichora kama shina na matawi.

Fungua terminali, andika `sudo apt install tree`, weka nywila (haionekani unapoichapa, usishtuke). Kisha `tree -L 2 maji` itaonyesha ngazi mbili tu za folda ya maji. Anza hivyo, maana bila kikomo skrini hufurika. Ukitaka folda pekee, `tree -d`. Kuiondoa, `sudo apt remove tree`. Mafaili yako hayaguswi.