Kompyuta ya Picha Iendayo Polepole: Ila Zake na Dawa Zake



Zamani Maulidi yalisomwa, watu wakala na kutawanyika, na kilichobaki kikabaki vifuani mwa waliohudhuria. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Leo kijana yeyote mwenye simu aweza kuipiga picha darsa ya sheikh wake na kuionyesha ng'ambo ya bahari kabla jua halijachwa. Hapa kwetu Kerege, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Mapinga na Zinga katika njia iendayo Bagamoyo, ni nadra kuona harusi, khitma ya madrasa au ziara isiyopigwa picha za video. Hukumu ya picha wanazuoni wamekwisha izungumza, nasi hatukusudii kuirudia hapa. Tukusudialo ni jambo dogo kwa sura yake, walakini limekuwa mzigo katika nyumba nyingi: ile kompyuta itumiwayo kuzihariri picha hizo, ikiwa nzito kama mkokoteni uliokwama mchangani.

Vijana wawili wanaotutengenezea picha za madrasa walitujia na malalamiko haya. Saa moja ya Maulidi waliianza kuirenda, yaani kuziunganisha picha zote na sauti zake ziwe faili moja lililo tayari kutazamwa, baada ya sala ya Isha. Ilipoadhiniwa Alfajiri mashine ilikuwa ingali inahangaika. Wakaamua kwamba hapana dawa ila kununua kompyuta mpya Kariakoo, na baba wa mmoja wao akawa tayari kuuza kipande cha shamba lake la mikorosho. Tena ndani ya mashine hiyo mlikuwamo kisomo cha mzee wetu mmoja aliyekwisha kufariki, na watoto wake walikuwa wakikingoja. Tukawaomba wasubiri. Tabibu mwema hatoi dawa kabla hajaupima ugonjwa; wala haifai kuuza shamba kwa ugonjwa ambao haujajulikana jina.

UKUBWA WA KAZI YENYEWE

Yafaa kwanza tuifahamu kazi tuitwikayo mashine hii. Picha moja ya video iitwayo HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600. Katika kila sekunde zapita picha 25, basi katika saa moja ni picha 90,000. Kama kila nukta ingeandikwa kwa baiti tatu bila ya kukunjwa, sekunde moja ingekuwa na megabaiti 155, na saa moja yapata gigabaiti 560. Diski ya kwanza ya kompyuta, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, nayo ilibeba herufi milioni tano tu.

Ndiyo maana kamera huzikunja picha kabla ya kuziandika. Namna ya kukunja itumiwayo zaidi ni H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, na mdogo wake H.265, wa mwaka 2013. Kwa njia hii kamera ya kawaida yaweza kuandika megabaiti tatu tu kwa sekunde, yaani gigabaiti zipatazo 11 kwa saa. Ni nafuu kubwa. Walakini nafuu hii ina malipo yake, nayo hulipwa na kompyuta.

Malipo yenyewe ni haya. Katika H.264 si kila picha iliyoandikwa kwa ukamilifu. Huandikwa moja kamili, kisha zinazofuata zikaandikwa tofauti zake tu. Mwalimu wa madrasa ataifahamu hali hii upesi. Yuko mwanafunzi aliyehifadhi sura, lakini ukimwambia aanze katikati hawezi mpaka arudi mwanzo aje nayo. Ndivyo ifanyavyo kompyuta: ukiitaka picha iliyo katikati, hurudi nyuma kwenye picha kamili, ikaijenga upya moja baada ya moja mpaka iifikie uitakayo. Kila unaposogeza mshale mbele na nyuma waiamrisha ifanye kazi hiyo tena.

KUUPIMA UGONJWA

Mashine ina viungo vinne vya kutazamwa: prosesa, ambayo ndiyo akili yake, kadi ya picha, ramu, ambayo ni kama meza ya kufanyia kazi, na diski, ambayo ndiyo ghala. Kazi huenda kwa mwendo wa kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Ukiongeza nguvu za kiungo kisichoumwa, umetupa mali yako bure, na israfu ni jambo tulilokatazwa.

Upimaji wenyewe hauna gharama. Katika kompyuta za Windows bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha lionyeshalo kila kiungo kinafanya kazi kiasi gani kwa mia. Ianzishe kazi ya kurenda kisha tazama. Ikiwa prosesa imefika 100 na diski imetulia, ugonjwa haumo katika diski, wala kununua diski mpya hakutaponya neno. Ikiwa diski ndiyo iliyofika 100 na prosesa inangoja, basi ghala ndilo lenye ila. Ikiwa ramu imejaa, mashine huanza kulitumia ghala badala ya meza, na hapo kila kitu huwa kizito kwa pamoja. Gigabaiti 8 za ramu ni chache kwa kazi hii. 16 ni kiasi cha kufaa kwa picha za HD.

ILA ZA GHALA

Diski za zamani, ziitwazo HDD, ni sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono uendao huku na huku kutafuta maandishi. Zikisoma faili moja refu kwa mfululizo hutoa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, nalo si haba. Lakini mpe mkono huo kazi ya kusoma kamera tatu, sauti mbili, na kuandika faili jipya, vyote kwa wakati mmoja, utakuwa kama mpishi mmoja mwenye vyungu sita katika mafiga mbalimbali. Muda wake wote utaishia njiani. Diski za SSD hazina sahani wala mkono. Ya namna ya SATA hufika megabaiti 550 kwa sekunde, na zile za NVMe hupita 3,000. Faida yao kubwa ni kwamba hazipotezi muda katika kutafuta.

Basi anayetaka kutengeneza ghala lake na ayashike haya. Kwanza, programu za mashine zikae katika diski moja, na picha zinazohaririwa katika diski nyingine. Na zile faili za muda ambazo programu ya kuhariri hujiandikia, zikipata SSD yake ni bora zaidi. Pili, asiijaze diski mpaka ukingoni. Katika HDD, sehemu ya nje ya sahani ndiyo iendayo upesi, na kwa kawaida ndiyo ijazwayo kwanza. Ikisha, hubaki sehemu ya ndani iliyo nzito. SSD nayo huhitaji nafasi tupu ya kujipangia. Kuacha humusi moja wazi ni kawaida njema. Tatu, aufute mara kwa mara mrundo wa faili za muda za kazi zilizokwisha.

Nne, autazame waya na tundu. Tundu la USB 2.0 haliwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 60 kwa sekunde, na kwa kweli hupitisha kama nusu yake tu. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hupitisha mara kumi zaidi. Mtu aweza kuwa na diski njema kabisa ya nje, akaichomeka katika tundu la kale, kisha akailaumu diski.

ILA ZA AKILI NA JOTO

Ikiwa prosesa ndiyo iliyoelemewa, dawa ya kwanza haina bei: nayo ni kutengeneza nakala nyepesi, ziitwazo proksi. Programu kama DaVinci Resolve na Adobe Premiere Pro huzitengeneza zenyewe. Nakala yenye upana wa nukta 960 na kimo cha 540 ina robo tu ya nukta za picha ya HD. Tena yaweza kuandikwa kwa namna ambayo kila picha ni kamili, kama ProRes ya Apple au DNxHR ya Avid, ili mashine isihitaji kurudi nyuma. Kijana huhariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu hurejea kwenye picha za asili. Kwa anayetumia picha za 4K, ambazo zina nukta mara nne ya HD, hili si la hiari tena.

Dawa ya pili ni kuhakikisha kwamba programu inakitumia kile kipande maalumu cha kukunja na kukunjua video kilichomo katika kadi ya picha, au katika prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011. Mara nyingi kipo, ila katika mpangilio wa programu hakikuamrishwa kufanya kazi.

Dawa ya tatu yatuhusu sana sisi watu wa pwani. Prosesa ikipata joto la kupita kiasi huupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Nasi tunakaa katika joto, vumbi la barabara na hewa ya chumvi. Vumbi hushikana na unyevu likawa kama zulia juu ya feni, na mashine ikaonekana mgonjwa wa akili kumbe ni mgonjwa wa pumzi. Ifunguliwe na fundi, isafishwe, na ile dawa ipakwayo baina ya prosesa na chuma cha kupozea ibadilishwe ikiwa imekauka. Wala kompyuta ya mapajani isiwekwe juu ya godoro wakati wa kurenda, kwani matundu yake ya hewa huzibika.

La nne ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, faili huweza kuharibika, na saa zote zilizopita zikawa bure. Penye uwezo, iwekwe UPS. Pasipo uwezo, kazi ndefu igawanywe vipande vya dakika kumi kumi, kisha viunganishwe.

Mashine ya vijana wetu ilipopimwa, ilionekana picha zote zilikuwa katika diski ya nje iliyojaa, nayo imechomekwa katika tundu la kale. Na feni ilikuwa imevaa vumbi. Ikasafishwa, ikanunuliwa SSD moja ya kiasi, nakala nyepesi zikatengenezwa. Maulidi yale yale yakaanza kurendwa baada ya Magharibi, na tulipotoka katika sala ya Isha yalikuwa tayari. Shamba la mikorosho lingali kwa mwenyewe.

AMANA ILIYOMO NDANI YA DISKI

Yamebaki mambo mawili, nayo kwetu ni makubwa kuliko mwendo wa mashine.

La kwanza ni kuhifadhi. SSD hufa, na HDD hufa, na mara nyingi hazitoi ilani. Waislamu hawakufunzwa jambo hili na wauza kompyuta. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi katika waliohifadhi Qur'ani, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe katika maandishi, na Zaid bin Thabit akapewa kazi hiyo. Kurasa zile zikaja kuhifadhiwa kwa Bibi Hafsa. Na Sayyidna Uthman alipoamuru zinakiliwe, hakuziweka nakala pamoja, bali alizipeleka katika miji mbalimbali. Kazi zetu si za kulinganishwa na kazi ile tukufu, lakini hekima yake yatosha kuwa mwongozo: ziwepo nakala tatu, katika vyombo viwili visivyo vya namna moja, na moja ikae nje ya nyumba. Kisomo cha yule mzee sasa kimo madrasani, kimo kwa watoto wake, na kimo kwa ndugu zao walioko Dar es Salaam.

La pili ni sitara. Ndani ya diski za vijana hawa zimo picha za harusi, na humo wamo mama zetu na binti zetu katika faragha yao. Yafahamike kwamba kufuta faili katika HDD hakuliondoi. Huondoa jina lake tu katika daftari la mashine, na mjuzi aweza kulifufua. Basi diski ya zamani isiuzwe, wala isipelekwe kwa fundi asiyejulikana, kabla haijaandikwa upya yote kwa programu ya kufutia. Na iliyokufa kabisa ivunjwe. Bora zaidi ni kuifunga diski kwa nenosiri tangu siku ya kwanza. Na wazazi wawaulize vijana swali hili kabla ya kuwapa kazi ya harusi: picha hizi zitakaa wapi, na nani atazifikia?

Basi tusiihesabu kazi hii kuwa ni mchezo wa watoto. Ni ufundi wa halali wenye riziki ndani yake, na hapo Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kwa anayetaka kuusomea sanaa zake. Yatupasa wazazi tuwasaidie vijana kwa ushauri kabla ya kuwasaidia kwa fedha, nao wazifanye kazi zao kwa ustadi na kuzitunza amana za watu.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote kuwa katika wenye kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.