Tumbo Linapokataa Maziwa, Mfanyakazi Asiitwe Mvivu



Katika viwanda vya saruji, vya rangi na vya kusaga nafaka, na katika mashamba yanayopigwa dawa za wadudu, iko desturi ya zamani ya kumpa mfanyakazi maziwa ili "yaoshe vumbi kifuani". Wengi wetu twayapokea kwa furaha. Lakini wamo wenzetu ambao wakinywa kikombe hicho saa nne, kabla ya saa sita tumbo limejaa gesi, launguruma na kukata, kisha ni mbio za chooni.

Katika kiwanda kimoja tulimkuta mwenzetu wa namna hiyo. Mnyapara alikuwa amemwandikia onyo mara mbili kwa "kukimbia mashine". Mwenyewe alidhani ana minyoo, na dawa za minyoo alikwisha kunywa mara tatu bila nafuu. Tukamwuliza: siku ya mapumziko, ukiwa nyumbani bila maziwa, tumbo lasumbua? Akafikiri kidogo, akajibu, "Halisumbui." Hapo ndipo tulipopata pa kuanzia.

Kwa nini tumbo hukataa

Ndani ya maziwa mna sukari yake maalumu, iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya cha kuivunja. Lakini kwa watu wengi, baada ya kuachishwa ziwa, kimeng'enya hicho hupungua mwaka hata mwaka. Sukari isiyovunjwa hushuka mpaka utumbo mpana, na vijidudu vya humo huichachusha kama pombe inavyochacha. Gesi hujaa, maji huvutwa tumboni, mtu akaharisha. Mara nyingi dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa.

Jambo hili haliambukizi, wala si uchawi, wala si uvivu. Watu wazima wapatao thuluthi mbili duniani hawavunji sukari hiyo vizuri, ingawa si wote wanaoumwa. Watu wa makabila yaliyoishi kwa ng'ombe tangu kale wengi wao huiweza. Mwaka 2007 wataalamu waliochunguza damu ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan walieleza kwamba uwezo huo hurithiwa katika ukoo. Basi watu wawili wanaofanya kazi kwenye mashine moja waweza kunywa maziwa ya ndoo moja, mmoja akashiba na mwingine akaumwa.

Jinsi ya kujijua

Acha maziwa kwa wiki mbili, kisha kunywa kikombe kimoja uone. Tumbo likitulia ulipoacha na kuvurugika uliporudia, umepata jibu. Lakini ukiona damu chooni, homa, au mwili kukonda, nenda kwa mganga wa hospitali upesi. Na yule ambaye maziwa humvimbisha midomo, humtoa vipele au humbana pumzi, asijijaribu kamwe. Huo ni ugonjwa mwingine na waweza kuua. Aende hospitali.

Kuishi bila maziwa

Kwanza, tusidanganyane: kuchemsha maziwa hakuondoi sukari hiyo. Maziwa ya unga pia yanayo.

Pili, si lazima kuacha kila kitu. Wengi huweza maziwa kidogo ndani ya chai au pamoja na chakula. Mtindi huwasumbua wachache zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na vijidudu vinavyougandisha. Samli haina sukari hiyo ila chembe tu. Kila mmoja apime tumbo lake pole pole.

Tatu, maziwa huupa mwili madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa, na anayeyaacha lazima ayatafute kwingine. Hapa Uganda hatuna shida ya kuyapata. Tule dagaa, yaani mukene, pamoja na mifupa yao. Tunywe uji wa wimbi, kwani wimbi lina chokaa nyingi kuliko nafaka nyingine zetu. Tuongeze simsim, sukuma wiki na maharage. Asubuhi chai ya rangi yenye tangawizi yatosha.

Nne, akina mama wasiache kunyonyesha kwa sababu ya habari hizi. Tumbo la mtoto mchanga limeumbwa kwa maziwa ya mama yake.

Madai yetu

Tulipokutana na wakubwa wa kiwanda kile, tulidai mambo matatu. La kwanza, maonyo yale yafutwe. La pili, asiyeweza maziwa apewe uji wa wimbi au njugu za thamani ile ile. Jambo hili si geni duniani: huko Urusi, ambako maziwa ya kazi za hatari yamo katika sheria ya kazi, mfanyakazi akiomba kwa maandishi aweza kulipwa fedha badala yake. Madai hayo mawili yalikubaliwa siku ile ile.

La tatu ndilo zito, nalo lawahusu hata wanaoyapenda maziwa. Maziwa huenda tumboni. Vumbi huenda mapafuni. Hayakutani njiani. Kikombe cha maziwa ni chakula, si kinga. Kinga ni barakoa, glavu, feni za kuvuta vumbi na maji ya kunawa. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Barakoa tulizoahidiwa bado hazijafika zote, na hatutaacha kuzidai.

Wajumbe wa matawi, ulizeni kila idara: nani tumbo lake hukataa maziwa, na nani hana barakoa? Leteni majina ya wote katika kikao kijacho. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Umoja ni nguvu.