Mipaka ya "Kulaani" kama Kisawe cha "Condemn": Kauli za Hadhara kuhusu Mauaji ya Wazee Magu

Kitenzi cha Kiingereza "condemn" kwa kawaida hufasiriwa "kulaani". Ufasiri huo umezoeleka katika vyombo vya habari, ambamo serikali, chama au jumuiya ya dini "hulaani" tukio. Hata hivyo, vitenzi hivi vina chimbuko tofauti. "Condemn" kinatokana na Kilatini, na msingi wake ni mahakama. Ndiyo maana hutumika pia kwa mfungwa aliyehukumiwa kifo na kwa jengo lililotangazwa kuwa halifai kukaliwa. "Laani" kinatokana na Kiarabu, na msingi wake ni dua ya kumtakia mtu akose rehema ya Mungu. Katika kisa cha mwanamke mzinzi kilichomo katika Injili ya Yohana, Biblia ya Union inatumia "hukumu", si "laani".

Kinachotenganisha maana hizo mbili katika Kiswahili cha leo ni yambwa. Yambwa ikiwa tukio, kama katika "wamelaani mauaji", maana ni kupinga hadharani. Yambwa ikiwa mtu, laana hurejea: "alimlaani mwanawe" haimaanishi kwamba alimkosoa. Katika kauli ya kutendwa jambo hili ni bayana zaidi, kwani "mtu aliyelaaniwa" ni mwenye laana.

Tofauti hii ina uzito wa pekee Magu, ambako, kama kwingine Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Wekundu wa macho, ambao aghalabu huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, umechukuliwa kuwa dalili. Kiongozi akisema mkutanoni "tunalaani mauaji haya", anatoa msimamo. Akisema "wauaji walaaniwe", amehama pasipo kukusudia na kuingia katika imani ileile kwamba neno la mtu laweza kumdhuru mwingine. Ni kweli kwamba jamii huitazama laana ya mzazi kuwa halali na uchawi kuwa haramu, lakini mpaka huo ni mwembamba, na mzee anayenuna huweza kuuvuka machoni pa jirani bila kutamka lolote.

"Kushutumu" hakisaidii sana, kwa kuwa kimebeba tuhuma, nayo tuhuma ndiyo chanzo cha maafa. Udhaifu mwingine wa "kulaani mauaji", ambao "condemn" nacho kinao, ni kumficha mtenda: mauaji yanatajwa, muuaji hatajwi, ingawa huenda ni ndugu wa marehemu.

"Kukemea" ni tofauti. Kitenzi hiki humtaka mkemewa awepo, au angalau ajulikane, na hutarajia aache atendalo. Kwa sababu hiyo kinawafaa zaidi wapiga ramli chonganishi, ambao wateja wao huwafahamu kwa majina na kwa makazi.